Kwenda saa 25, kurudi saa 8 na nusu: hii tiketi ya Auckland ina akili kweli?

#1 Mwana_Rungwe
Wakuu, poleni na baridi. Nina mpwa wangu, mtoto wa dada, amepata nafasi ya kwenda kusomea ng'ombe wa maziwa New Zealand. Anaondoka mwisho wa mwezi huu wa Juni. Huku Tukuyu ukoo mzima haulali.

Tiketi kanunua binamu yetu aliyeko Dar, akanitumia picha ya karatasi moja. Nimeisoma mara sita na bado haijaniingia.

Kwenda: anatoka Doha Jumanne 01:40, anatua Auckland Jumatano 02:40. Nimehesabu kwa vidole, masaa 25.
Kurudi: anatoka Auckland 15:00, anatua Doha 23:30 siku hiyo hiyo. Masaa 8 na nusu.

Viwanja ni vile vile, shirika ni lile lile. Basi likipanda Kitonga linajikongoja na likishuka linateremka, hilo naelewa. Lakini mara tatu? Auckland iko mlimani? Na toka uwanja wetu wa Songwe ni kilomita ngapi? Bibi yake anataka kujua mtoto atakuwa hewani muda gani, kwa sababu ameapa hatatoka kwenye maombi mpaka ndege itue.

#2 Kijana_wa_Kabwe
Nimevuta kigoda. Wajuzi waje.

#3 Konda_Mstaafu
Hili jepesi. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Auckland iko mashariki. Ndege ikienda huko inaifukuza Auckland, na Auckland nayo inakimbia. Wakati wa kurudi, Doha yenyewe inakuja kuipokea ndege. Ni kama kulikimbiza basi la Tunduma kwa miguu halafu kesho ukalisubiri stendi. Nimemaliza, fungeni uzi.

#4 Tufe_la_Shule
Mzee Konda, usifunge uzi wa watu. Mimi nafundisha jiografia sekondari, hiyo hoja naletewa kila mwaka na kidato cha kwanza.

Hapa kwenye ikweta dunia inazunguka karibu kilomita 1,670 kwa saa. Ndege ya abiria inakwenda kama 900. Ingekuwa kweli inaifukuza Auckland, isingefika mpaka kiama. Haifukuzi kwa sababu hewa yote inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Nzi akiingia kwenye basi pale Uyole na basi likakimbia kilomita 80 kwa saa, hagongi kioo cha nyuma. Anaruka toka siti ya dereva mpaka siti ya mwisho kama yuko jikoni kwao.

Na mleta uzi, ni saa 25, siyo "masaa 25".

#5 Konda_Mstaafu
Mwalimu, nzi wako yuko ndani ya basi lililofungwa madirisha. Fungua madirisha tuone. Dunia ina kioo?

#6 DadaMafinga
Mleta uzi, usiumize kichwa. Saa zilizoandikwa kwenye tiketi ni za pale pale uwanjani. 01:40 ni saa ya Doha, 02:40 ni saa ya Auckland. Doha wanatumia saa sawa na sisi. Auckland mwezi Juni wako saa 9 mbele yetu.

Basi toa 9 kwenye 25, unabaki na 16. Kurudi unaongeza, 8 na nusu jumlisha 9 ni 17 na nusu. Hiyo ndiyo ndege yako: saa 16 kwenda, saa 17 na nusu kurudi. Mwambie bibi apunguze maombi kwa saa 9.

Namna nyingine ya kuliona: Jumanne ya huyo kijana itakuwa na saa 15 tu. Atapaa usiku, jua litamchomozea mapema kwa sababu analifuata, na litazama kabla hajashiba usingizi. Siku ya kurudi ndiyo atalipwa, itakuwa na saa 33. Mimi nilipokwenda Guangzhou kufuata mzigo mara ya kwanza (wako saa 5 mbele yetu) nilidhani nimeibiwa usiku mzima. Nikarudi, wakanirudishia.

#7 Mwana_Rungwe
Dada asante, hiyo imeingia. Lakini mbona bado kuna saa moja na nusu imezidi kurudi? Ndege inachoka?

#8 Konda_Mstaafu
Hahaha! DadaMafinga kapiga hesabu zake na bado dunia inazunguka. Saa moja na nusu hiyo ni yangu.

Halafu wote mmesahau kwamba anavuka ule mstari wa tarehe baharini. Hapo ndipo siku inapotea.

#9 Tufe_la_Shule
Havuki. Mstari wa tarehe uko mashariki ya New Zealand, na yeye anafika Auckland akitokea magharibi, anaishia hapo. Angeendelea mpaka Marekani ndiyo angeuvuka.

#10 Upepo_wa_Usangu
Saa moja na nusu ni ya upepo. Kule juu, kilomita 9 hadi 12 toka ardhini, kuna mikondo ya upepo inayotoka magharibi kwenda mashariki, mikali kweli kweli, hasa ukishaachana na ukanda wetu wa joto. Kusini mwa dunia Juni na Julai ni kipupwe, na upepo unaopita juu ya Australia unakuwa na nguvu. Ndege inayokwenda Auckland inasukumwa mgongoni, inayorudi inapigwa usoni.

Mfano mnaoweza kuutafuta wenyewe: Februari 2020 ndege ya British Airways ilitoka New York mpaka London kwa saa 4 na dakika 56, wakati kulikuwa na dhoruba kubwa upande wa Atlantiki. Siku za kawaida ni saa 6 na zaidi.

Nimepiga hesabu ya kikulima. Doha–Auckland ni kilomita 14,535. Gawa kwa 16 unapata 908 kwa saa. Gawa kwa 17 na nusu unapata 830. Katikati yake ni 869, kwa hiyo upepo unampa au unamnyang'anya kama kilomita 40 kwa saa, njia nzima.

#11 Kijana_wa_Kabwe
14,535! Kumbe hii ndiyo safari ndefu kuliko zote duniani. Mpwa ameula.

#12 Mnyalu_Ughaibuni
Kamwene! Ilikuwa. Qatar Airways walipoianza Februari 2017 ndiyo iliyokuwa ikitajwa namba moja. Oktoba 2018 Singapore Airlines wakaanza tena Singapore–Newark wakaipita. Siku hizi wana Singapore–New York uwanja wa JFK, zaidi ya kilomita 15,300, saa 18 na zaidi hewani. Waaustralia nao wanajiandaa kuruka Sydney–London moja kwa moja, kama saa 20.

Ila mkuu Upepo, hesabu yako ina tobo. Umechukulia kwamba kwenda na kurudi ndege inapita njia moja. Haipiti. Mpanga njia anaangalia upepo wa siku hiyo. Wakati wa kurudi anaweza kuamua kuzunguka ili kuukwepa. Kwa hiyo ile saa moja na nusu sehemu yake ni upepo, sehemu ni kilomita za ziada. Mimi niko Helsinki. Kabla ya 2022 kwenda Tokyo ilikuwa saa 9 na nusu hivi. Anga la Urusi lilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya ikawa karibu saa 13, ndege nyingine zikapitishwa mpaka juu ya Ncha ya Kaskazini. Viwanja havikusogea hata hatua moja.

#13 Upepo_wa_Usangu
Nakubali kuna kuzunguka. Lakini anazunguka kwa sababu ya nini? Upepo. Tumerudi kwangu.

#14 Mjukuu_wa_Loleza
Mimi nina swali dogo. Mbona Dar–Songwe siku nyingine saa moja na dakika kumi, siku nyingine saa moja na nusu na zaidi? Na huo nao ni upepo wa Australia?

#15 Upepo_wa_Usangu
Hapana, huku karibu na ikweta upepo wa juu mara nyingi unatoka mashariki na hauna nguvu sana. Wewe angalia umepanda nini. Ya jeti inakimbia zaidi ya 800 kwa saa. Ya pangaboi kubwa, zile Q400, ni kama 660. Songwe mpaka Dar kwa mstari mnyoofu ni kilomita 690 hivi. Gawanya, ongeza dakika za kupanda, kushuka na kutembea chini, utaona.

#16 Mjukuu_wa_Loleza
690? Barabarani inapita 800!

#17 Konda_Mstaafu
Ndege haipandi Kitonga wala haisimami Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu.

#18 Tufe_la_Shule
Jana mleta uzi aliuliza kilomita toka Songwe na hakuna aliyemjibu. Leo kipindi cha mwisho nimeingia nalo darasani. Tufe letu lina umri kuliko mimi, limepasuka pale Greenland tukabandika gundi ya karatasi. Nimeazima kwa mama wa cherehani uzi mweusi na ule mkanda wake wa kupimia.

Kwanza nikalizungushia tufe kiunoni: sentimita 94. Dunia ikwetani ni kilomita 40,075, basi sentimita moja ni kama kilomita 425. Songwe haipo kwenye tufe, nikaweka kidole juu kidogo ya ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Mwanafunzi mmoja akashika Auckland. Tukavuta uzi mpaka ukakaza.

Sentimita 32. Yaani kilomita 13,600, na nikiipiga kwa kikokotozi inakuja 13,500 na ushee.

Halafu tukapima njia ya tiketi. Songwe–Dar haifiki sentimita mbili. Dar–Doha sentimita 9. Doha–Auckland 34 na kidogo. Jumla 45 kasoro, karibu kilomita 19,000. Mpwa wako anazungushwa kilomita 5,500 zaidi, ambazo ni kama kwenda Dar kwa ndege mara nane.

Lakini kilichowafanya wanafunzi wapige kelele ni uzi wenyewe ulipopita. Wote walidhani utakatiza Bahari ya Hindi na kuvuka Australia. Ukashuka! Ulipita kusini kabisa, ukafika karibu nyuzi 55 kusini, maji matupu, haukuigusa Australia, ukapita chini ya Tasmania, ndiyo ukapanda kwenda Auckland. Kwenye ramani ya ukutani ungechora hivyo mtu angesema umelewa. Njia fupi juu ya kitu cha mviringo ndivyo ilivyo, ramani ndiyo inayodanganya.

#19 Kijana_wa_Kabwe
Mwalimu umepima uzi kwa uzi ndani ya uzi.

#20 Usangu_Tambarare
Mnajisumbua. Dunia ni tambarare kama Usangu. Simama Igawa uangalie, unaona mwisho wa macho.

#21 Tufe_la_Shule
Panda Mlima Rungwe, mita 2,960, halafu uangalie tena. Tambarare haiongezeki ukipanda.

#22 Mwana_Rungwe
Mwalimu asante sana, nimemwonyesha bibi. Kauliza, kama kuna njia ya kilomita 13,500, kwa nini wanamzungusha mjukuu wake mpaka Uarabuni? Anasema hiyo ni tabia ya makondakta.

#23 Konda_Mstaafu
Bibi aniheshimu.

Ila kwa uzoefu wangu ni abiria. Huwezi kutoa basi la watu 60 Chunya kwenda Kyela kila siku kama wanaokwenda ni wawili. Unawakusanya Mbeya mjini kwanza. Doha ni stendi tu.

#24 Fundi_Nduli
Abiria ni sababu, siyo sababu yote. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye upakiaji mizigo uwanjani. Songwe iko juu, mita 1,340 hivi toka usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, mabawa hayapati cha kushika, injini nazo zinakosa pumzi. Ndege iliyojazwa mafuta ya kilomita 13,500 ni nzito mno, inahitaji barabara ndefu ya kurukia. Yetu ina mita 3,330. Hapo utapunguza mafuta au utashusha abiria.

#25 Mnyalu_Ughaibuni
Fundi, mbona Johannesburg iko juu zaidi, karibu mita 1,700, na ndege kubwa zinatoka pale kwenda Sydney? Kilomita kama 11,000, kusini huko huko kwenye uzi wa Mwalimu.

#26 Fundi_Nduli
Barabara yao ina mita 4,400. Umejijibu.

#27 Upepo_wa_Usangu
Na kwa kuwa mmeitaja: Johannesburg kwenda Sydney ni karibu saa 12, kurudi karibu saa 14. Saa mbili! Kadiri unavyokwenda kusini ndivyo upepo unavyokuwa mkali. Nani bado anasema siyo upepo?

#28 Tufe_la_Shule
Kuna jingine hamjaligusa. Ndege nyingi sasa hivi zina injini mbili, na sheria inazitaka zisiende mbali kupita kiasi na uwanja wa kutua kwa dharura. Kule nyuzi 55 kusini utatua wapi? Kuna visiwa vya barafu na pengwini. Kwa hiyo hata abiria wakijaa, uzi wangu wangeupindisha kaskazini.

#29 Mzee_wa_Mwanjelwa
Nawasoma toka asubuhi. Mnabishana upepo na injini, na mtoto wa watu ataachwa na ndege. Mimi niseme la kwangu.

Mwaka ule kaka yangu alikuwa na tiketi ya Songwe–Dar, imeandikwa 06:50. Yeye ni mtu wa mashamba, saa yake ni ya Kiswahili. Akasoma saa sita na dakika hamsini, akasema vizuri, nitakula kwanza. Akaoga kwa starehe, akachinja kuku wawili wa kupeleka, tukafunga safari na bajaji mpaka kupita Mbalizi. Tumefika uwanjani saa tano na nusu asubuhi, yeye mbele na kapu, anatabasamu, anajisifu kwamba amewahi. Mlinzi akaichukua karatasi, akaitazama, akamtazama yeye, akatazama kapu. Akamwambia kwa upole, "Mzee, hii ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Imeshatua Dar, imeshapakia wengine."

Kuku tuliwala usiku ule ule. Hakuna aliyeongea mezani.

Kwa hiyo mleta uzi, hiyo 01:40 umeisomaje?

#30 Mwana_Rungwe
Mzee shikamoo. Hapana, hiyo naijua, ni saa saba na dakika arobaini usiku. Jumanne usiku. Ndiyo maana sherehe ya kumuaga tumeweka Jumatatu jioni, mbuzi wawili wameshalipiwa. Jumanne alfajiri tunamsindikiza Songwe, anakwenda Dar, anaunganisha Doha, usiku anapaa.

#31 DadaMafinga
SUBIRI.

Mleta uzi, 01:40 ya Jumanne ni usiku wa kuamkia Jumanne. Ni ule usiku unaolala Jumatatu! Jumatatu saa sita usiku ikigonga, kwenye tiketi Jumanne imeshaanza. Mkimsindikiza Jumanne alfajiri, ndege ya Doha itakuwa imeshaondoka na kiti chake kitupu.

Tena umesema ulitumiwa karatasi moja. Ya Dar–Doha iko wapi? Mpigie binamu sasa hivi, usijibu hapa kwanza.

#32 Kijana_wa_Kabwe
Moyo wangu.

#33 Mzee_wa_Mwanjelwa
Marahaba. Unaona sasa.

#34 Konda_Mstaafu
Wazee wetu siku ilikuwa inaanza jua likizama, "usiku wa Jumanne" ulikuwa ndiyo huo huo wa kuamkia Jumanne, na hakuna aliyeachwa. Tumeharibiwa na saa za ukutani.

#35 Mwana_Rungwe
Wakuu nimerudi, mikono inatetemeka. Binamu kanitumia karatasi ya kwanza. Dar–Doha ni JUMATATU 17:10, anatua Doha 22:55. Jumatatu! Saa kumi na moja na dakika kumi jioni, muda ule ule tuliowaambia wageni waanze kufika.

Dada Mafinga, sina cha kukulipa. Ukipita Tukuyu kuna mkungu wa ndizi wako.

Sherehe imerudishwa Jumamosi. Mchinjaji kagoma kwanza, tumemwongezea kidogo, kakubali. Sasa nishaurini, nimkatie Songwe–Dar Jumatatu asubuhi? Zipo saa za kutosha.

#36 Fundi_Nduli
Usithubutu. Juni hii? Songwe ukungu ukitanda asubuhi rubani haioni barabara, ndege inazunguka juu halafu inarudi Dar na watu wake. Toka uwanja uhamie kule Desemba 2012 hatujaacha kulia na ukungu, ingawa kile kiwanja cha zamani cha mjini nacho kilikuwa kimebanwa na milima. Mpeleke Jumapili.

#37 Mjukuu_wa_Loleza
Naunga mkono. Mimi nilishakaa Songwe toka saa moja mpaka saa nane mchana, ukungu mweupe kama maziwa. Shirika, silitaji, lilikuwa linatuambia "baada ya nusu saa" kila baada ya saa. Jirani yangu alikuwa anawahi mazishi Tanga. Alikwenda akaweka paji la uso kwenye kioo akakaa hivyo hivyo.

#38 Konda_Mstaafu
Mpandishe basi Jumamosi usiku, Jumapili yuko Dar, anapumzika. Basi halina ukungu.

#39 Mzee_wa_Mwanjelwa
Au treni ya TAZARA. Kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa 1976, na madirisha yanafunguka, nzi wa Mwalimu apate hewa.

#40 DadaMafinga
Mzee na treni ya safari hii? Mnataka amalize chuo akiwa Makambako?

Mleta uzi, hesabu ya bibi sasa ni hii. Kutoka Dar kupaa Jumatatu 17:10 mpaka Auckland kutua ni saa 24 na nusu, na kati ya hizo anakaa Doha chini saa mbili na dakika 45. Kwa saa ya Tukuyu atatua Jumanne saa 11 na dakika 40 jioni. Kule watakuwa wamelala.

#41 Mwana_Rungwe
Nimemkatia ndege ya Jumapili. Bibi kasema kama ni saa 24 na nusu, basi maombi yake ya mwanzo ya saa 25 yalikuwa sahihi na ninyi mlimpunguzia bure.

Anauliza tena: kamfungashia mchele wa Kyela, usipa wa Matema na chupa mbili za asali ya nyuki wadogo. Vitaingia?

#42 Mnyalu_Ughaibuni
Asali aiache. New Zealand hawaruhusu abiria kuingia na asali, wanalinda nyuki wao. Vyakula vingine vyote avitaje kwenye fomu ya kuingilia, hata kama ni kiganja cha karanga. Asipotaja wakamkuta nacho ni faini ya dola 400 za kwao palepale. Hata viatu vyenye udongo wa shamba avisafishe, na kwa kuwa ni mtu wa ng'ombe wataviangalia sana.

#43 Kijana_wa_Kabwe
Swali la mwisho. Nikichimba shimo Mwanjelwa sokoni nikanyoosha moja kwa moja, natokea Auckland?

#44 Tufe_la_Shule
Nimechomeka sindano mbili kupima. Unatokea majini, Bahari ya Pasifiki, kusini mashariki ya Hawaii. Chukua mtumbwi.

#45 Upepo_wa_Usangu
Kabla uzi haujazama, Mwalimu nataka ukiri mbele ya watu: saa moja na nusu ni upepo.

#46 Tufe_la_Shule
Nakiri upepo kwa sehemu kubwa, Mnyalu naye ana lake kuhusu kuzunguka. Na ratiba zenyewe mashirika huziongezea dakika ili wasionekane wamechelewa, hilo nalo limo. Ila kuna kitu kinanikera na itabidi nikiseme. Huo upepo wa juu unatoka magharibi kwa sababu gani? Hewa ya joto inatoka kwetu ikwetani inaelekea kwenye ncha, na dunia inayozunguka inaipindisha kuelekea mashariki. Bila mzunguko wa dunia mkondo ule usingekuwa hivyo.

#47 Konda_Mstaafu
RUDIA.

#48 Tufe_la_Shule
Sijasema ulichosema wewe #3.

#49 Konda_Mstaafu
Dunia inazunguka, upepo unapinda, ndege inachelewa. Nilisema nini mimi? Nilisema fungeni uzi.

#50 Upepo_wa_Usangu
Ulisema Doha inakuja kuipokea ndege. Kwa hoja yako kurudi kungekuwa kufupi, na kurudi ndiko kurefu. Umekosea hata upande.

#51 Konda_Mstaafu
Hilo nitalijibu nikitoka kula.

#52 Mwana_Rungwe
Wakuu, tuko Songwe. Jumapili, saa tatu asubuhi. Kuna ukungu kidogo kwenye milima lakini barabara ya kurukia inaonekana mpaka mwisho. Kijana ameshaingia ndani, begi limepimwa, viatu vimeoshwa. Asali kaishika bibi mkononi, amesema atailamba huko huko kwenye maombi. Jumanne jioni nitawaambia kama katua.